Velda Hageuki Akihesabu

Velda Cagle alikuwa amefika kumi na moja katika hesabu yake aliposikia chubwi! nyuma ya boti, na hakugeuka. Boti iliyumba kidogo, kisha ikatulia. Kumi na mbili, akasema moyoni. Kumi na tatu.

Usimhukumu haraka. Uvuvi wa samaki aitwaye besi kwenye Ziwa la Cutler una mambo yake mwezi wa pili, na asiyeyajua atamwona Velda mwanamke asiye na moyo. Wakati wa joto besi ni jambazi, hukimbiza chochote kinachopita mbele yake. Maji yakipoa anakuwa kama mzee aliyeshiba: anakaa chini kando ya jabali na hataki kusumbuliwa. Chambo chake msimu huo ni kidagaa cha plastiki, chembamba, na tumboni kina ndoano tatu, kila ndoano na meno yake matatu. Unakitupa mbali, unakishtua kwa kupiga ncha ya fimbo ya kuvulia kuelekea chini mara mbili, halafu unaacha. Kidagaa kile hakizami wala hakielei. Kinaning'inia palepale ndani ya maji kama kitu kinachokata roho, na besi anakitazama mpaka tamaa inamshinda. Ufundi wote uko kwenye kuacha. Anayeacha kwa sekunde tano anarudi nyumbani na hadithi tu. Velda alikuwa anaacha kwa sekunde ishirini.

Mumewe, Delmer, hakuwahi kufika nane maishani mwake. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia, na kwa miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa amemwona mkewe akitoa samaki pale pale alipopita yeye bila kuambulia kitu. Kwa wivu wake akabuni michezo. Velda akianza kuhesabu, Delmer alikohoa, au akaangusha kifuniko cha chupa ya kahawa. Mwaka uliopita alitupa majini kiazi kizima ili mkewe adhani samaki mkubwa ameruka nyuma yake. Velda akajifunza kutogeuka, hata mbingu ianguke. Pale gatini watu walishalifanya kuwa msemo: Velda hageuki akihesabu. Yeye mwenyewe aliupenda sana msemo huo, tena kuliko alivyopaswa.

Asubuhi ile walikuwa wametoka wawili tu. Hapakuwa na boti nyingine ghubani, maana kulikuwa na upepo wa kaskazini na barafu ilikuwa ikiganda kwenye vipete vya fimbo, vile mshipi unamopita. Kila baada ya kutupa mara tatu au nne ilibidi uinamishe ncha ya fimbo majini ili barafu ile iyeyuke. Kioo cha vipimo cha boti kilionyesha maji yana nyuzi arobaini na sita za Farenhaiti. Barafu yenyewe huanza thelathini na mbili, kwa hiyo fanya hesabu.

Walipofika kwenye jabali refu Delmer alizima injini kubwa, akatia ufunguo mfukoni mwa koti kama kawaida yake, ili Velda asije akahamisha boti kabla yeye hajaridhika. Kisha akaanza kufungua jaketi lake la kuokolea maisha.

“Liache hilo mwilini, mzee,” Velda alisema.

“Mkanda wake unanasa fimbo nikipiga chini.”

“Mbona wangu haunasi?”

“Wewe huna tumbo, mama. Mimi tumbo limetangulia, jaketi linafuata, fimbo haina pa kupita.” Akalivua, akalitupa kwenye kiti. “Halafu nimekuja hapa kufanya nini? Si kuvua? Basi acha nivue.”

Alicheka mwenyewe kwa utani wake. Velda akatikisa kichwa, akaenda mbele kwenye pedali ya injini ndogo ya umeme. Alijua kwamba angepaswa kukomaa naye. Lakini samaki walikuwa chini pale, aliwaona kwenye kioo, na kubishana na Delmer kunaweza kula asubuhi nzima. Wanaume wote wa ziwa lile wana ugonjwa huo huo: boti ikienda wanavaa, boti ikisimama wanavua, kana kwamba maji yanazamisha watu wenye haraka peke yao.

Kwa hiyo iliposikika ile chubwi, Velda aliwaza kiazi. Shingo yake ilitaka kugeuka, hata ikaanza, akairudisha. Hunipati leo, Delmer. Kumi na nne. Upepo ulikuwa unaisukuma boti kando ya jabali, naye alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali ili asitikise kidagaa. Kumi na tano. Kumi na sita.

Kwenye kumi na saba mshipi ukawa mzito.

Velda akapiga fimbo, na fimbo ikapinda mpaka mpinini. Alikuwa mkubwa, huyo. Hakuruka, alikwenda chini moja kwa moja na kukaa huko akitikisa kichwa, na Velda alihisi kila mtikiso mpaka kwenye kiwiko. Alikunja mshipi pole pole. Alimleta nusu ya njia, samaki akachukua tena mshipi, akamleta tena. Ilikuwa kama nusu dakika, labda zaidi kidogo. Ubavu wa kijani ukang'aa chini ya boti.

“Wavu, mzee! Lete wavu!”

Kimya.

“Delmer! Acha upuuzi, lete wavu, huyu ni wa kutundika ukutani!”

Akageuka.

Nyuma ya boti hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwepo, na jaketi juu yake, na chupa ya kahawa imesimama wima na kifuniko chake. Velda alitazama sakafuni kana kwamba mtu wa ratili mia mbili na arobaini anaweza kujificha nyuma ya chupa ya kahawa. Moyo wake ulielewa kabla ya kichwa. Mikono yake, na hili alilijua baadaye, ilikuwa bado inakunja mshipi.

Kisha aliiachia fimbo ikaenda majini na samaki wake.

Alimwona. Alikuwa hatua arobaini nyuma, upande ule upepo unakotoka, kichwa tu na mabega ya lile koti la kaki lililokuwa bado limeshika hewa. Mdomo ulikuwa wazi. Macho yalikuwa yanamtazama yeye. Hakuita. Hilo ndilo lililomtia Velda hofu kuliko yote, kwamba Delmer, mtu anayepiga kelele hata akila supu, alikuwa ameachama bila sauti hata kidogo. Maji ya namna ile yanafunga koo. Unavuta pumzi na pumzi haikubali kutoka.

“Nakuja! Usiogelee! Tulia hivyo hivyo, nakuja!”

Akakimbilia injini kubwa, mkono ukapapasa mahali pa ufunguo, ukakuta tundu tupu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Delmer, nao ulikuwa pamoja naye majini. Velda alitoa tusi ambalo mama yake hakumfundisha. Akarudi mbele, akakanyaga pedali mpaka mwisho.

Injini ndogo ya umeme ni ya kunyemelea samaki, si ya kukimbilia mtu. Ilikuwa imefanya kazi tangu alfajiri, na betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi. Ilinguruma, boti ikageuza pua, ikaanza kupanda upepo kama punda aliyebebeshwa mawe. Hatua thelathini na tano. Thelathini. Velda alikuwa amekaza mguu kwenye pedali na alikuwa akisema kwa sauti, “Twende, twende, mama wee, twende,” bila kujua anamwambia nani. Kila mtu aliyezaliwa kando ya ziwa lile anajua kwamba maji ya nyuzi arobaini na sita yanakupa kama dakika kumi za mikono. Ukishapoteza mikono, bado uko hai, lakini huna cha kufanyia uhai huo. Velda alijaribu kukadiria Delmer amekaa humo kwa muda gani, akaona akiendelea na hesabu hiyo atapiga mayowe, akaiacha.

Zilipobaki hatua kumi na mbili injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Boti haikwenda mbele tena. Ilisimama pale ikipigana na upepo sare kwa sare, na sare hiyo isingedumu.

Alichukua kamba ya kufungia boti, akaizungusha, akaitupa. Kamba ilikuwa nzito na ilifika, ikaanguka vizuri kabisa juu ya bega la Delmer. Velda karibu alie kwa furaha.

“Shika!”

Delmer alitoa mkono majini. Ulikuwa mweupe kama unga. Akauweka juu ya kamba, na vidole havikukunjika. Alivitazama. Velda naye alivitazama. Akavuta kidogo, kamba ikateleza chini ya kiganja kile kilichonyooka, ikaondoka.

“Izungushe mkononi! Delmer! Shika kwa meno basi!”

Alitupa tena. Delmer alijaribu kwa meno kweli, mzee wa watu, lakini taya zilikuwa zinagongana na kamba ikatoka. Mara ya tatu hakuinua mkono. Hewa ilikuwa inatoka kwenye koti kwa mapovu madogo kando ya shingo, na maji yalikuwa yamefika kidevuni. Velda aliona uso wa mumewe ukianza kutulia. Huo utulivu ulimwogopesha. Mtu aliyekuwa anaogopa sasa alikuwa anaonekana kama anayesinzia.

Kama hawezi kushika, basi ashikwe.

Wazo lilikuja hivyo, bila adabu. Juu ya sakafu kulikuwa na fimbo yake ya pili, na kwenye fimbo hiyo kidagaa chenye ndoano tatu, meno tisa. Ndoano haihitaji vidole vya mtu. Akaiokota. Mshipi wake ulikuwa wa ratili kumi, na mtu yule alikuwa wa ratili mia mbili na arobaini bila maji kwenye buti. Lakini mtu anayeelea si mzigo wa kunyanyua, alijisemea. Atateleza tu. Akivutwa kwa kushtua, mshipi utakatika kama uzi wa kushonea. Akivutwa taratibu, huenda.

Alitupa. Upepo ukakidaka kidagaa hewani na kukirudisha, kikaanguka hatua tatu mbele ya uso wa Delmer. Uso wa Delmer. Velda aliona ndoano zile ziking'aa mbele ya macho ya mumewe. Akikosea kidogo atampofua. Akikosea zaidi ataivuta midomo yake kama ya samaki. Alikunja mshipi haraka.

“Delmer, nisikilize. Geuza uso. Nipe mgongo. Geuka, mpenzi, tafadhali.”

Hakuwa amemwita mpenzi tangu binti yao wa mwisho aolewe. Labda ndiyo maana alisikia. Kichwa kilizunguka polepole, kofia ilishapotea, upara ukawa unamtazama.

Velda aliinama, akatupa chini chini, usawa wa maji, ili upepo usikione. Kidagaa kilipita juu ya bega la kushoto na kutua mbele ya kifua. Akakivuta kidogo kidogo, upana wa kidole kwa kila mvuto, mpaka akahisi kitu laini. Hakujua ni koti au ni shavu. Alifumba macho, akapiga fimbo mara moja, kwa kipimo.

“Aai!” alipiga kelele Delmer.

Ilikuwa sauti ya kwanza. Velda alicheka, kicheko kibaya cha kwikwi. “Lia! Lia sana, mzee! Tukana!”

Ndoano mbili zilikuwa zimeshika ukosi wa koti na moja ilikuwa sikioni. Velda alianza kukunja. Subira aliyokuwa nayo miaka yote kwa ajili ya samaki aliitafuta sasa, na hakuikuta. Mwili wote ulitaka kuvuta kwa nguvu. Ilibidi aume mdomo wa chini mpaka akaonja damu, akakunja robo ya mzunguko, akasubiri mtu na boti wasogeleane, akakunja robo nyingine. Mshipi ulikuwa unalia kwa upepo. Mara moja wimbi lilimfunika Delmer uso na uzito wote ukaja kwenye fimbo, na Velda akalegeza kwa dole gumba, akayaachia maji yamrudishe juu yenyewe. Akarudi juu. Robo nyingine. Hatua nane. Tano. Injini ndogo ikazimika kabisa, na wakati huo Velda alikuwa ameshalala kifudifudi na kumshika kwa nywele chache alizokuwa nazo nyuma ya kichwa, kisha kwa ukosi, kisha kwa kwapa.

Alimpitishia kamba chini ya mikono, akaifunga mara tatu, vifundo vya ovyo. Kumnyanyua alijaribu mara moja tu na akajua ni ndoto. Akamkokota kandokando ya boti mpaka nyuma, penye injini kubwa. Juu kidogo ya panga la injini kuna bapa la chuma, pana kiasi cha kukalisha makalio ya mtu. Aliwahi kuwacheka vijana wa gatini waliosema siku moja litamfaa mtu. Akamkalisha Delmer juu yake kama mtoto mkubwa, akamkumbatia kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akabonyeza kitufe cha kuinulia injini, kile cha ubavuni kisichohitaji ufunguo. Injini ikainuka ikinung'unika, na mumewe akainuka nayo kutoka majini, akichuruzika, midomo ya buluu. Velda akamvuta kwa ndani wakaanguka wote wawili sakafuni.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Alimvua koti, akamfunika kwa lake, akaendesha mpaka gatini bila kukumbuka njia. Pale hapakuwa na mtu na simu haikuwa na mtandao, kama ilivyo siku zote kwenye bonde lile. Wavuvi wale wana sheria ya kuweka nguo kavu garini msimu wa baridi, na kwa bahati Delmer aliishika sheria hiyo moja. Alimvisha kwenye pikapu hita ikiwaka mpaka mwisho, akakata kidagaa kwa koleo na kuliacha lile jino moja sikioni kwa daktari. Boti waliiacha imefungwa. Hospitali ilikuwa maili ishirini na mbili.

Walipofika barabara ya lami ndipo Delmer alipoanza kutetemeka. Alitetemeka mpaka kiti kikalia. Velda alikuwa amesoma mahali kwamba kutetemeka ni dalili njema, na alijishikiza kwenye hilo, lakini hakuacha kumtazama kila mara. Delmer alipofumba macho, Velda alimpiga paja.

“Usilale.”

“S-silali. N-nasali.”

“Sali kwa macho wazi.”

Velda alijua lazima aseme, na kwamba asiposema sasa, litakuwa jambo la kukaa naye mezani na kitandani.

“Nilisikia ulipoanguka,” alisema. “Nilidhani ni mchezo wako. Kiazi.”

“Najua. N-nilikuona.” Alivuta pumzi kwa kukatakata. “Shingo yako ilianza kugeuka. Halafu ikarudi. Nilikuwa nyuma yako hapo, mama. Kama ungenyoosha fimbo ningeishika. Nikataka kuita, sauti haikuja.”

Barabara ilikuwa inacheza mbele ya macho ya Velda.

“Halafu ukapata samaki,” Delmer aliendelea. “Nikaona fimbo imepinda. Nikaanza kuomba Mungu mshipi ukukatikie.” Kitu kama tabasamu kilipita kwenye midomo ile ya buluu. “Si mara ya kwanza kumwomba hivyo. Miaka yote nimemwomba. Ila leo niliomba kwa moyo safi.”

Ulikuwa utani, na alikuwa anampa mlango. Angecheka tu, yangeisha. Velda alifungua mdomo acheke.

“Haukukatika,” alisema. “Samaki nilimwachia mwenyewe. Lakini si papo hapo, Delmer. Nilikuwa nimeshageuka. Nilishaona hupo. Nikakunja mshipi mara mbili zaidi. Mizunguko miwili. Naikumbuka.”

Hita ilikuwa inavuma. Delmer alitazama mbele, mikono yake myeupe imelala mapajani, viganja juu. Meno yalikuwa yamenyamaza kugongana, na Velda alishindwa kujua kama ni joto limefika au ni jambo alilosikia. Alisubiri aseme lolote. Alisubiri atukane.

“Endesha, mama,” Delmer alisema baadaye. “Nasikia baridi.”

Akaendesha. Alishika usukani kwa nguvu zote, akiitazama mikono yake mwenyewe zaidi ya alivyotazama barabara, maana sasa aliiogopa.